Shati la Kola Iliyopinda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidoti alimwosha mama yake uso, akamgeuza ubavu na kumnywesha uji. Mama alikuwa fundi cherehani aliyesifika mtaa mzima. Sasa ugonjwa ulikuwa umemlaza, na dawa zilikuwa kama maji mchangani.

Kanisani, kila mtoto wa kikundi cha vijana alichagua jambo la kujifunza, na aliyelimudu alivishwa beji mbele ya waumini. Kidoti alichagua kushona shati. Alishona, akafumua, akashona tena. Kola ikakataa katakata kukaa. Siku ya beji nayo ikabisha hodi.

"Lete nikumalizie," alisema shangazi yake. "Nani atajua?"

Jumamosi Kidoti alimpelekea mama lile shati alilomaliziwa na shangazi. Mama alipapasa kola taratibu, kisha akafumba macho.

"Huu mkono wa wifi yangu," alinong'ona. "Nilitamani kuugusa wako kabla sijaondoka."

"Nisamehe, mama."

Usingizi wa dawa ulikuwa umemchukua mama.

Kesho yake, kabla ya ibada, Kidoti alimfuata mwalimu wa vijana mbele ya wenzake. "Mwalimu, shati si kazi yangu. Kola kashona shangazi."

Wenzake walivishwa beji na kupigiwa makofi. Yeye alikaa benchi la nyuma, macho sakafuni.

"Fundi wa kuazima!" mmoja alimcheka mlangoni.

Nyumbani alikata kitambaa kingine. Mama alimwelekeza kwa sauti iliyozidi kufifia: "Legeza uzi... hapo hapo." Shati lilipokamilika, kola ilikuwa imepinda na mama hakuweza tena kusema. Alibakiwa na vidole tu. Vilipita juu ya mshono, vikarudi, vikatulia.

Jioni hiyo mwalimu alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alilitazama shati lililokuwa bado chini ya vidole vya mama, akamvisha Kidoti beji aliyokuwa amemwekea.

"Mwalimu, mama atapona?"

Mwalimu aliketi kando yake. "Siwezi kukudanganya, mwanangu. Sidhani. Lakini lile shati la kwanza, pamoja na uzuri wake, lingekusuta kila unapoliona. Hili limepinda, na ni lako. Sifa ya uongo haimfariji mtu siku ya msiba. Kazi ya mikono yako, hata ikiwa na kasoro, hakuna wa kukunyang'anya. Na mama yako ameigusa."