Jina la Mwenye Gesi

Mlango wa bati uliangukia ndani.

Kozi alipita juu yake, bastola ya Glock mbele, macho yakipekua kila kona. Askari wa kikosi walimwagika nyuma yake.

"Chini. Wote chini."

Wafanyakazi walilala kifudifudi kati ya mitungi ya oksijeni, ile mirefu, myeusi, yenye mabega meupe. Mashine ya kujazia gesi ilikuwa bado inanguruma. Mwanamume mmoja tu alibaki wima, mnene, mwenye ovaroli ya buluu na spana mkononi.

"Mama, humu kuna oksijeni," alisema taratibu. "Tafadhali msipige risasi."

Kozi alimpiga mtama.

Goti mgongoni. Pingu. Shavu la mwanamume likabanwa kwenye saruji yenye madoa ya rangi.

Mlangoni pa ofisi ndogo walisimama wasichana wawili waliofanana kama sarafu mbili, sare za shule mwilini. Hawakupiga kelele. Mmoja alisema tu, "Baba," kisha akafumba mdomo.

Kozi aliwaona. Akavaa sura yake ya kazi, akamwinua mtuhumiwa kwa ukosi.

Mtaa mzima ulimwita Baba Pacha. Na mtaa mzima ulikuwa umeshajaa nje ukimtazama akitolewa, simu zimeinuliwa juu.

Redio ya Motorola ikakoroma begani, sauti ya mkuu wake.

"Kozi, Nahodha hapa. Hali?"

"Mzigo mkononi."

"Safi. Habari imeshakwenda redioni. Watu wajue tupo kazini."

Amri ilikuwa imetoka asubuhi hiyo kwa maneno manne: Kamba mbili. Kata zote. Maana yake ilikuwa tovuti mbili. Genge la magendo lililoongozwa na mgeni mmoja, aliyejulikana idarani kama Mkalimani, lilikuwa linaingiza dawa bandia za sindano. Chupa zilikuwa na maji matupu. Tovuti ya kwanza iliiga ile ya Bohari Kuu ya Dawa, herufi moja tu ikiwa imebadilishwa, na wafamasia wa hospitali waliagiza humo bila kushtuka. Ndani ya tovuti ya pili ulifichwa ukurasa ambao madereva wa genge waliusoma kujua mahali pa kushushia mzigo. Tovuti hiyo ya pili ilikuwa ya karakana ya gesi ya Baba Pacha.

Ni Kozi aliyependekeza zote mbili zifungwe. Darubini, mchambuzi wao, aliomba muda azichunguze vizuri. Kozi alimpa muda wa kumaliza kikombe cha chai.

Sasa Darubini alikuwa kwenye simu.

"Uko na nani hapo?"

"Mwenye tovuti ya pili."

"Mfungue pingu."

Kozi alisogea mbali na gari. "Sema."

"Yale majina ya tovuti hayafanani, dada. La kwanza limesajiliwa juzijuzi. Aliyelisajili hayupo duniani, anwani aliyoweka ni ya kiwanja kitupu, na limeandikwa makusudi lichanganywe na la Bohari. Lilizaliwa kwa ajili ya wizi. Hilo ukilifunga halimlizi mtu yeyote."

"Na la pili?"

"La pili ni la zamani. Mwenyewe analilipia, anajulikana, simu yake iko hapo hapo. Kurasa zote ni za gesi. Ukurasa mmoja tu umechomekwa kwa siri, na aliyeuchomeka aliingia kwa kudukua seva. Huyo mzee hakusajili jina la wizi. Ameibiwa."

"Lakini linatumiwa na genge lile lile."

"Linatumiwa vibaya, ndiyo. Kutumiwa vibaya ni jambo moja, kusajiliwa kwa ubaya ni jambo jingine. Mtu akiibiwa gari likaenda kubebea magendo, unamfunga mwenye gari?"

Kozi aligeuka kumtazama Baba Pacha na pingu zake.

"Tungempigia simu tu," Darubini aliendelea. "Tukaziba tundu lake, au tukamwomba atuachie ule ukurasa tuutazame. Jina lake lingebaki hewani, kazi yake ingeendelea. Sasa tumelizima jina zima. Hospitali ndogo haziwezi kuagiza oksijeni. Wagonjwa wa majumbani pia. Na simu zake zote umezichukua wewe."

Kozi alitazama mfuko wa plastiki kwenye kiti cha mbele cha Land Cruiser. Simu zilikuwa zinatetemeka ndani yake, zikigongana.

"Kuna la mwisho," alisema Darubini. "Lori la dawa limepotea. Tulipokuwa tumeishika ile kamba, tulikuwa tunawaona. Tulipoikata, tukawa vipofu."

Jasho jembamba lilimtoka Kozi chini ya fulana ya kuzuia risasi. Alirudi kwenye gari, akamgeuza Baba Pacha, akafungua pingu. 

"Kuna makosa yametokea," alisema.

Baba Pacha alisugua vifundo vya mikono. Shavu lake lilikuwa limechubuka. "Makosa gani?"

"Tovuti yako iliingiliwa na wahalifu. Hukuhusika."

"Hilo si ningekwambia mimi, kama ungeniuliza?"

 Kozi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nipe simu zangu," alisema mzee.

Alizipokea, akazipitia moja moja, midomo ikichezacheza. Kwa simu yake mwenyewe Kozi alimpata msajili wa majina ya tovuti, akamwamuru jina la karakana lirudishwe hewani mara moja. Lile la kuiga Bohari libaki limefungwa. Msajili aliuliza kama idara ina hakika safari hii. Swali lilimchoma, na hakuwa na haki ya kukasirika.

Jina liliporudi, oda zilizokwama zilianza kuingia kwenye kompyuta ya ofisini kama maji yaliyozibuliwa. Baba Pacha alisoma, akasimama ghafla.

"Bibi Mwalimu," alisema. "Mtungi wake unaisha. Binti yake ameandika mara tatu."

Vijana wake walikuwa bado wanahojiwa nje na askari, majina yakiandikwa. Dereva wake alikuwa ameshakimbia, na nani angemlaumu?

"Nitaendesha mimi," alisema Kozi.

Walipakia mitungi kwenye pikapu ya karakana, wawili tu, bega kwa bega. Kozi alishika chini, mzee akashika shingo ya mtungi. Njiani hawakusemezana, isipokuwa kushoto, kulia, polepole hapo kuna shimo.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya duka la vitabu vya shule. Mwalimu mstaafu alikuwa ameketishwa kitandani, mito mgongoni, midomo ya buluu. Mabega yalipanda na kushuka kwa kila pumzi kama mtu anayepanda ngazi ndefu. Binti yake alikuwa anampepea kwa jalada la daftari.

Baba Pacha alifunga kirekebishi cha gesi kwenye mtungi, akafungua koki. Gesi ikaanza kunong'ona. Wakasubiri. Rangi ilirudi taratibu, kwanza kwenye kucha.

"Tulikupigia mpaka tukachoka," binti alimwambia mzee. "Halafu redio ikasema umekamatwa, eti wewe ni jambazi wa dawa. Mama akasema haiwezekani. Mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuamini."

Kisha akamgeukia Kozi, akamshika mikono yote miwili.

"Asante, dada yangu. Bila wewe kumleta, sijui."

Kozi alikuwa amewahi kutishiwa kwa bunduki, akawa baridi kama chuma. Mbele ya shukrani ile macho yake yalikimbilia sakafuni. Alimtazama Baba Pacha, akitegemea atasema ukweli. Mzee alikuwa anakaza nati ya mtungi, kimya. Alimwachia yeye aseme.

Kozi hakuusema.

"Karibu," aliitikia.

Ndani ya pikapu, simu ikaita. Darubini.

"Ukurasa wa siri bado upo. Hawajui kama tumeuona, wanadhani polisi wanamshuku mzee tu kuwa jambazi wa dawa. Wakiamini tovuti ilizimika kwa hitilafu ya kawaida, watarudi kuandika maagizo mapya. Lakini ni lazima mzee aseme mwenyewe kwamba ilikuwa hitilafu. Aweke tangazo."

Kozi alimweleza. Baba Pacha alisikiliza, mikono juu ya magoti.

"Yaani niwaambie wateja wangu kwamba kosa ni langu."

"Kwa leo tu. Ni ili tulipate lori. Zile chupa zina maji. Mtu atapasuliwa tumbo akidhani amechomwa dawa ya usingizi."

Mzee alipumua kwa nguvu. Akatoa simu, akaandika kwa kidole kimoja, akamwonyesha kabla ya kutuma. *Wateja wetu wapendwa, tovuti yetu ilizimika kwa uzembe wetu wenyewe. Tunaomba radhi sana kwa wagonjwa wote tuliowasumbua. Haitatokea tena.*

Kozi alisoma hadi mwisho. Kila neno lilipaswa kuwa lake. Lilitoka kwenye kidole cha mtu mwingine.

"Tuma," alisema kwa sauti ya chini.

Chambo kilimezwa kabla jua halijageuka.

"Ameingia," Darubini alisema redioni. "Anaandika. Subiri. Kiwanda cha vigae kilichofungwa, geti la nyuma. Lori liko njiani sasa hivi. Na aliyeandika yuko hapo hapo kiwandani, nimemnasa kupitia mnara wa simu."

"Kikosi?"

"Nusu saa."

"Mbali. Naingia."

Pikapu ya gesi haikumshtua mlinzi wa geti. Baba Pacha alikuwa ameshashuka njiani, akimwachia funguo bila neno. Kozi alikuwa amevaa ovaroli ya akiba, kubwa kuliko yeye, Glock ndani ya mfuko wa spana.

"Gesi ya kuchomelea," alimwambia mlinzi.

"Hatujaagiza."

"Basi mpigie aliyeagiza."

Mlinzi aliinamisha kichwa kutafuta namba. Kozi alimpiga kiwiko chini ya sikio, akamlaza kivulini, akamfunga kwa waya wake mwenyewe wa redio.

Ndani, lori jeupe lilikuwa linarudi kinyumenyume kati ya milima ya vigae vilivyovunjika. Kando yake alisimama mtu mrefu, shati limepigwa pasi, simu ya Samsung sikioni, akibadili lugha kila alipobadili mtu wa kuongea naye.

Mkalimani.

"Simu chini," alisema Kozi.

Mtu yule alitabasamu. Kisha akakimbia.

Dereva wa lori alifyatua bastola kupitia dirishani. Vigae vililipuka miguuni pa Kozi. Alijitupa, akabingirika, akalenga tairi la mbele. Risasi mbili. Lori likainama upande kama ng'ombe aliyepiga goti, likajikita ukutani. Dereva akatupa bastola nje, mikono juu.

Mkalimani alikuwa ameshafika ngazi ya chuma. Kozi alimfuata, ovaroli ikimkwaza. Ngazi, kibaraza, paa la bati. Bati liliwaka kwa jua. Mkalimani alichungulia chini, akaona ni mbali, akageuka na kisu.

Kisu kilichana mkono wa ovaroli. Kozi aliushika ule mkono, akauzungusha, mfupa ukalia. Mkalimani akapiga magoti.

"Mlitusaidia sana leo," alisema akihema, bado anatabasamu. "Mlipomtangaza yule wa gesi, tulikaa tukanywa soda. Tulijua mnatafuta kwingine."

Kozi alimfunga pingu. Zilikuwa zile zile za asubuhi. Hakuwa na nyingine.

Chini, ving'ora vilikuwa vinaingia getini.

Nahodha alimpokea ofisini kwa kusimama, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Lori zima limekamatwa. Hakuna chupa hata moja ya mzigo huo iliyofika hospitali. Alimmwagia sifa mpaka akachoka mwenyewe.

"Afande, tangazo la asubuhi," alisema Kozi. "Tulimtaja Baba Pacha. Tumsafishe."

"Ameshaachiwa. Watu watasahau."

"Wateja wake hawatasahau. Watoto wake hawatasahau."

"Idara haiombi radhi, Kozi. Ikianza, itaomba kila siku. Wewe nenda kapumzike."

"Pendekezo la kulifunga jina lake lilikuwa langu."

"Nalijua. Na nimeliweka kando kwa faida yako. Usinilazimishe kulifungua."

Kozi alipiga saluti, akatoka.

Hakwenda kupumzika. Kesho yake, watu wakiwa wamejaa karakana wakisubiri mitungi, aliingia pale palipokuwa na mlango. Hakuwa na fulana ya kuzuia risasi wala redio. Kwenye foleni alimwona binti wa Bibi Mwalimu, ambaye aliinua mkono kumsalimia kwa furaha.

Baba Pacha alizima mashine. 

"Jana nilimwangusha mtu huyu hapa mbele yenu," alisema Kozi.  "Tovuti yake ilidukuliwa na wezi. Tulipaswa kumsaidia. Mimi nikaizima, nikamfunga, nikachukua simu zake bila kuuliza. Oksijeni ilichelewa kwa sababu yangu. Tangazo alilowaandikia la kuomba radhi, nilimwandikisha mimi. Halikuwa kosa lake."

Mkono wa binti wa Bibi Mwalimu ulishuka taratibu.

Msichana mmoja kati ya wale pacha alimvuta baba yake ovaroli. "Ndiye yule aliyekukanyaga?"

"Ndiye," alijibu Baba Pacha.

Alimgeukia Kozi. "Nimesikia," alisema.  Akarudi kwenye mashine, akaiwasha, akaita mteja anayefuata.

Simu ya Kozi ilikuwa inaita mfukoni. Nahodha.

"Nimeambiwa uko karakana. Umewaambia nini?"

"Kila kitu, afande."

"Basi leta kitambulisho chako cha kazi mezani kwangu."

"Nakuja."

Foleni ilimpasukia njia. Hakuna aliyemtukana, walimtazama tu, toka kichwani hadi miguuni. Masikio yake yaliwaka moto. Gari lilikuwa mwisho wa mtaa na angeweza kulifikia haraka, lakini alitembea polepole, kichwa wazi, ili kila aliyetaka kumtazama apate nafasi.