Mpishi Mwenye Bastola

Kituo cha treni cha Norfolk, Marekani, kilifurika mabaharia Julai ile ya 1945, na mmoja wao, mrefu, kofia nyeupe imelalia sikio, alimmwagia Verna Stallings kahawa kwenye gauni lake la njano.

"Macho umeyaacha melini?" Verna alifoka.

"Samahani, dada. Nimekuja nayo, ila yameliona gauni yakasahau kazi."

Alijiita Lyle Kinnard, mpishi wa jeshi la majini. Kwa wiki sita alimpigia simu kila jioni, akimsimulia alivyopika maharage ya watu mia mbili huku meli ikipepesuka kama mlevi. Verna alicheka hadi machozi. Hakuwa amecheka hivyo tangu kaka yake Dewey alipouawa akishuka ufukweni kusini mwa Ufaransa, Agosti ya mwaka uliotangulia.

Jumapili moja mama yake Verna alimkabidhi Lyle jiko. "Mwanangu, leo napumzika. Tupikie."

Kuku akaungua nje, ndani mbichi. Mikate ikawa migumu kama matofali. Mama aliitazama, akaenda zake sebuleni. Lyle alikuwa amejimwagia mafuta kifuani, Verna akafungua mfuko wa nguo wa Lyle amtolee shati safi. Chini ya shati, ndani ya ala ya ngozi, ililala bastola nzito ya jeshi.

"Mpishi hubeba hii?"

"Ya serikali. Kesho nairudisha ghalani."

"Nimekuuliza, mpishi hubeba hii?"

Lyle aliifunika bastola kwa shati.

"Kumbe hujawahi kupika hata yai! Ulikuwa wapi vita vyote hivi?"

"Siruhusiwi kusema, mpenzi."

"Usiniite mpenzi! Mimi nilimpenda mpishi. Wewe sikujui. Toka! Na mikate yako ichukue, itakufaa kuvunjia madirisha."

Kazi ya Verna ilikuwa kuunganisha simu za mji, yeye na wasichana wenzake. Kwa siku nane Lyle alipiga hadi aipate sauti yake.

"Namba gani?"

"Ni mimi, Verna."

"Hiyo si namba." Akachomoa waya.

Siku ya tisa alimngoja mlangoni pa kazini kwake, mchana kweupe. Verna akamvuta pembeni, mbali na masikio ya wenzake.

"Nikisema naweza kufungwa," Lyle alisema. "Tuliapishwa."

"Basi kaoe kiapo chako."

Lyle akashusha pumzi. "Tulikuwa sita kwenye mashua ya mbao. Tulibeba vipaza sauti na santuri zenye ngurumo za injini, minyororo, makamanda wakifoka. Tuliwasogelea Wajerumani kwenye ufukwe usio na mtu wetu, wadhani jeshi zima linashuka pale. Kila mmoja alipewa bastola, maana tukizamishwa tungeogelea hadi mikononi mwao."

"Lini?"

"Agosti mwaka jana, kusini mwa Ufaransa. Usiku wa kuamkia siku aliyouawa Dewey."

Kofi lilimpata shavuni kabla Verna hajajua kuwa amepiga.

"Ulikaa kwa mama yangu, chini ya picha ya Dewey, ukatusimulia maharage!"

"Ndiyo."

"Na mizinga ya Wajerumani? Iliwageukia ninyi?"

"Mingi. Wenzangu wawili wamebaki kule. Lakini si mizinga yote, Verna. Ningeweza kuivuta yote, ningeivuta."

Miaka mitatu Verna alikuwa amesikiliza sauti za watu kwenye waya, za wakweli na za wenye kuficha. Hii haikuwa na kificho. Jambo hilo likamuudhi zaidi, kwa kuwa sasa hakuwa na wa kumlaumu.

"Nani mwingine umemwambia haya?"

"Hakuna."

"Ukiniudhi tena nitakushitaki kwa wakubwa wako."

"Nishitaki. Lakini kwanza nikuoe."

"Wewe mwenyewe utamwambia mama ukweli huu. Na bado nimekasirika, Lyle. Hata kanisani nitakasirika."

"Njoo nayo hasira yako. Mimi nitakuwepo."

Walioana Oktoba. Watu walidhani bibi harusi analia kwa furaha, na furaha ilikuwepo pia. Lakini mstari wa mbele, kando ya mama, palikuwa na nafasi tupu ya mtu mmoja, na Verna aliikodolea macho hadi mchungaji akalazimika kumuuliza mara ya pili. Akajibu, "Ndiyo!" kwa ukali uliowashtua hata waliokaa nyuma kabisa.