Ripoti Zilizolala kwa Mwalimu Aikande

Mwalimu Aikande alirudi kutoka shuleni akiwa hoi. Alibandika ndizi jikoni, akawasha kompyuta. Barua pepe zilikuwa zimerundikana. Karibu zote zilieleza kasoro za programu ya kompyuta ya kuwaita watoto kwenye chanjo. Yeye na wenzake waliitengeneza kwa kujitolea, wakaigawa bure kwa zahanati. Wenzake walishahamia Dar. Yeye alibaki nayo peke yake.

"Nitazisoma Jumamosi," alisema, akaizima kompyuta. Alikuwa akisema hivyo kila wiki.

Ndizi hazijaiva, hodi ikapigwa. Alikuwa Justina, nesi wa zahanati moja ya Kirua Vunjo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, programu yenu inawaruka watoto waliozaliwa tarehe thelathini na moja. Haiwaiti kwenye chanjo. Nilikuandikia tangu msimu wa kuchuma kahawa. Sasa mtoto mmoja kalazwa. Ana surua."

Aikande aliketi mezani haraka. Aliwasha tena kompyuta, akatafuta. Ripoti ya Justina ilikuwamo. Chini yake, Rahim, fundi wa kompyuta wa Moshi mjini, alikuwa ametuma kiraka, yaani marekebisho ya kasoro ileile. Hakuna aliyemjibu.

"Dawa ilikuwa humu humu," alisema kwa sauti ndogo.

Jioni hiyo alimwendea jirani yake Violet, aliyewahi kusaidia mradi mwingine wa programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzirekebisha. Violet hakumlaumu.

"Kuchoka si kosa," alisema. "Kosa ni kukaa na funguo zote mwenyewe. Anza na kasoro zinazoumiza watu. Nyingine zijibu kwa mstari mmoja tu: tumeipata, au hatutaiweza. Mtu akijua, hakai akisubiri. Na anayeleta viraka vizuri, mpe ruhusa ya kukagua vya wenzake."

"Kiraka kikiharibu je?"

"Kijaribuni kwanza kwenye nakala ya programu. Msiguse kumbukumbu za watoto."

Aikande alimpigia Rahim simu.

"Nilidhani mmeshaitupa hiyo programu," Rahim alisema.

"Wewe ndiwe niliyekutupa. Nisamehe. Njoo tusaidiane, na wewe nitakupa funguo."

Rahim alikuja, ingawa hakuchangamka. Walikijaribu kiraka kwenye nakala, na Justina akakagua. Majina yaliyorukwa yakatokea. Justina akawafuata watoto hao nyumba kwa nyumba, akawachanja.

Yule mtoto alipona surua, lakini jicho lake moja halioni vizuri. Aikande alikwenda kumwambia mama wa mtoto ukweli. Mama alimsikiliza, kisha akambeba mwanawe, akaingia ndani.

Masika yalipoanza, iliingia ripoti nyingine. Aikande alipoifungua, Rahim alikuwa ameshaijibu, na kiraka kilikuwa kinajaribiwa. Hapakuwa na la kuongeza. Akajilaza kwenye kochi, jua bado liko juu, akapitiwa na usingizi.