Ahadi ya Maziwa

Sogeeni karibu, jamaa zangu wa Turkana, na nanyi mlioletwa Kakuma na shida za kwenu, niwasimulie yaliyompata Atabo wa kijiji cha Lopur. Mkitaka kucheka chekeni taratibu, maana mwenyewe yuko hai, ana masikio, na maziwa yake ndiyo tunayokunywa.

Mwaka juzi, baada ya mvua, ungemkuta Atabo kila asubuhi mlangoni kwake akifukiza vibuyu. Aliingiza kijinga cha moto ndani ya kibuyu, akakitikisa mpaka moshi ukajaa, akakung'uta majivu, kisha akamimina maziwa. Maziwa yaliyowekwa katika kibuyu cha namna hiyo huganda vizuri na hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Mumewe, Longor, alikuwa zizini akikamua huku akimtania kwamba moshi umempa macho mekundu ya mlevi. Mbuzi walikuwa wamenona. Nyumba ile ilikuwa na raha yake, nami sioni haya kusema kwamba niliionea wivu kidogo.

Kuuza maziwa hakukuwa jambo dogo kwao. Tangu zamani maziwa hupewa mgeni, hayauzwi, na Atabo na wenzake tisa, yeye akiwa kiongozi wao, walipoanza kuyapeleka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, wazee waliwauliza kama kesho watauza na salamu. Waliendelea tu. Mnunuzi wao mkubwa alikuwa Clotilde, mama Mkongo aliyefika kambini miaka mingi iliyopita. Huyu aliona wasichana wadogo wakikosa shule kwa sababu ya kubaki na wadogo zao mama zao wakienda kazini. Akatandika mikeka uani kwake, akaweka sufuria mbili, akasema leteni hao watoto hapa. Wakaja watatu, wakawa kumi, wakafika thelathini. Kila mchana walikunywa maziwa lala ya Lopur, yale yaliyoganda, baridi, moja kwa moja kutoka kibuyuni.

Kwa hiyo tazameni: mama wa kambini akaenda kazini, binti yake akarudi darasani, na mwanamke wa Lopur akawa na neno nyumbani mwake kuhusu ada ya shule na dawa za mbuzi. Hakuna mkubwa aliyewatuma. Ni wanawake wawili walioona tatizo, na kila mmoja akatumia kile alichokuwa nacho.

Sasa tufike mjini Lodwar, ambako matatizo yalianzia.

Atabo alialikwa huko kwenye mkutano wa wanawake wenye biashara. Aliitwa mbele, akapewa cheti kilichowekwa ndani ya kioo, akapigiwa makofi na ukumbi mzima. Mtangazaji wa redio akamsogezea kipaza sauti. Mwenye hoteli moja ya mjini akasema pale pale kwamba anataka maziwa yale kila wiki. Halafu mtu mmoja akauliza, "Na wakati wa kiangazi, mama?"

Atabo angeweza kusema ukweli, kwamba kiangazi ni kiangazi. Lakini makofi yalikuwa bado yanamlia masikioni. "Maziwa ya Lopur haipungui," akasema. "Mvua ikuwe, isikuwe, nitaleta." Wakampigia makofi tena. Sifa ni tamu, ndugu zangu, wala sitajifanya sijawahi kuzionja.

Kiangazi kikaja bila kumuuliza Atabo alichoahidi. Majani yakaisha, mbuzi wakapunguza maziwa, na wenzake wakaanza kuleta kikombe badala ya kibuyu. Gari la kwenda Lodwar lilikuwa linasubiri. Siku hiyo Atabo alikwenda kwenye laga, ule mto wa mchanga unaopitisha maji wakati wa mvua tu, ambapo watu huchimba visima vya mkono. Akachota maji, akayaongeza kwenye maziwa ya Lodwar na ya Clotilde, akatikisa, na tangu hapo akawa anafanya hivyo kila mara.

Hakujiona mwovu. Maji yale aliyanywa tangu utotoni, na mama yake vilevile, na mbuzi wao walinywea kisima kile kile. Tumbo lake lilikuwa limeshayazoea zamani. Hata alipofika kwa Clotilde alikunywa kwanza mbele yake, kama ilivyo desturi ya mleta maziwa, na hakuumwa hata kidogo. Hapo ndipo alipojidanganya, kwa kupima matumbo ya watoto wa miaka miwili kwa tumbo lake la miaka arobaini na tano.

Wiki ya pili watoto wakaanza kuharisha. Kwanza wanne, kisha kumi na mmoja. Prince, mtoto wa fundi cherehani aitwaye Estelle, alilegea kabisa, akapelekwa hospitali na kutundikiwa maji ya mshipani. Alilazwa siku nne. Mungu alimrehemu, alipona.

Atabo alipokwenda Kakuma alimkuta Clotilde ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, uani hakuna mtoto hata mmoja.

"Ejoka?" Atabo alimsalimu kwa Kiturkana, yaani ni kwema?

"Hakuna ejok hapa, dada," Clotilde akajibu. "Batoto kumi na moja banaharisha. Bazazi banasema masufuria yangu iko na uchafu. Minasugua ile masufuria mpaka vidole vinauma. Siku ya Samedi batakutana, Kasongo atafunga kituo."

Kasongo alikuwa kiongozi wa mtaa ule. Atabo alimwangalia rafiki yake. Alisema pole tu. Akarudi nyumbani na ile pole ikamkaa kifuani njia nzima.

Longor alimpokea akiwa na maswali yake. Yeye hakuwa mtu wa kelele. Alikaa kwenye kigoda chake, akatema mate pembeni.

"Atabo, mimi ni mchungaji," alisema. "Mbuzi yetu inatoa kikombe moja. Ya mwenzako Nangiro inatoa nusu. Na wewe unajaza vibuyu sita. Hiyo ingine inatoka mbuzi gani?"

"Niliwaahidi watu wa Lodwar."

"Mbuzi walikuwa hapo kwa mkutano?"

 Atabo alilia, na Longor akamwacha alie, kisha akamwambia jambo moja tu. "Huyo Mkongo anafungiwa sababu yako. Ukinyamaza, hakuna mtu atajua. Mimi nitajua."

Jumamosi, ile Samedi aliyoitaja Clotilde, wazazi walijaa uani kwake. Kasongo alisimama, mtu wa haki ila mwenye haraka, akaanza kueleza kwamba kituo kitafungwa na mikeka irudishwe ndani. Clotilde alikuwa ameinamisha kichwa. Mama watatu walikuwa wamekwisha kuacha kazi ili wabaki na watoto, na binti wa mmoja wao alikuwa ameacha kwenda shule tangu Jumatatu. Mnaona jinsi mambo yanavyobomoka haraka kuliko yalivyojengwa.

Atabo aliinuka kutoka nyuma.

"Msifunge," alisema. "Masufuria ya huyu mama iko safi. Ni mimi. Maziwa ilipungua, nikaongeza maji ya laga. Yeye hakujua."

 Estelle alisogea mbele, Prince akiwa mgongoni mwake, amekonda shingo.

"Mutoto yangu alilala na sindano mukononi siku ine," alisema. "Ulikuwa unajua ni ile maji?"

"Siku ya kwanza sikujua," Atabo akajibu. "Niliposikia wamekuwa kumi na moja, nilijua. Nikanyamaza."

"Hiyo ya kunyamaza ndiyo inaniuma."

Hapakuwa na kukumbatiana, msidanganyike. Kasongo alitangaza kwamba kituo hakitafungwa, lakini maziwa ya Lopur hayataingia tena mpaka wazazi waseme. Wenzake wa Lopur walimtoa kwenye uongozi siku iliyofuata, wakamweka Nangiro, na walimwambia maneno ambayo hata mimi mwenye mdomo mpana sitayarudia. Alikwenda Lodwar mwenyewe kumwambia mwenye hoteli. Hoteli ikatafuta maziwa kwingine.

Jumatatu asubuhi Atabo alifika tena uani kwa Clotilde, mikono mitupu.

"Unataka nini?" Clotilde aliuliza.

"Kazi. Si ya kulipwa."

Clotilde aliendelea kupanga sufuria zake. Alikuwa na hasira bado, na alikuwa na haki nayo. "Kuko maji ya kuchemusha," akasema. "Kuni ulete za kwako."

Basi Atabo akachemsha maji. Wiki saba, kila siku ila Jumapili, alibeba kuni, akachemsha, akapoza, akawanawisha watoto mikono na kuwabeba wenye kulia. Clotilde alianza kumjibu kwa neno moja, kisha mawili, na siku moja wakajikuta wanacheka kwa sababu Prince alikuwa amemmwagia Kasongo uji kwenye viatu.

Ndipo wazazi walipokutana wakakubali maziwa yarudi. Siku yaliporudi wengi walikuja kutazama, na kusema kweli walikuja kumtazama Estelle. Kiangazi kilikuwa bado hakijaisha. Nangiro na wenzake walikuwa wamekusanya walichoweza, na Atabo ndiye aliyetumwa kukileta.

Estelle alisimama mbele yake. "Leo ni ngapi?"

"Kibuyu kimoja," Atabo alisema. "Ni ndogo. Haitoshi watoto wote."

 Estelle akamshusha Prince kutoka mgongoni na kumkalisha mkekani pamoja na wenzake.

"Basi huyu pea nusu kikombe," alisema. "Sasa amekuwa mukubwa. Ile ingine pea badogo."

Akageuka, akaenda cherehanini kwake.

Funzo la hadithi hii

Jamaa zangu, tunahitaji sana watu kama Atabo na Clotilde, na tuwape moyo wanapoanza. Lakini tukiwashangilia mpaka waogope kutuambia kwamba mwaka huu ni mgumu, tumewasukuma kwenye uongo kwa mikono yetu wenyewe. Nawe uliyeanzisha kazi inayowafaa watu, usiahidi kisichokuwa mikononi mwako ili usikie makofi. Ukikosea, sema siku ile ile unapojua, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Watu wanaweza kugawana kikombe pungufu na wakaendelea kukuamini, mradi umewaambia kuwa ni pungufu.