Kaka Yangu Hapigi Teke

Nilipoona mpira umepigwa teke, nilijua kaka yangu ameuawa.

Najua mnaona nimechanganyikiwa. Tulieni kwanza. Hata polisi ilibidi niwaeleze mara kadhaa, na bado yule aliyekuwa anaandika alinitazama kama mgonjwa.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nimekaa kwenye godoro, nacheza gemu na kaka yangu kwa intaneti. Yeye kwake, mimi kwangu, kila mtu na hedfoni zake masikioni.

Sio soka, jamani. Ni ule mpira wa Kimarekani, wa wanaume wenye mahelmeti wanaogongana kama magari.

Msiniulize tulifikaje huko. Kaka alinunua mashine ya gemu ya mtumba, akaikuta na CD moja tu ndani, na CD ndiyo hiyo. Tulikaa wiki nzima tunabonyeza bila kuelewa nani anamkimbiza nani. Tulipoelewa, basi tena. Tulilewa nao.

Sasa nisikilizeni hapa, maana bila hili hamtaelewa kilichotokea.

Kwenye huo mchezo unapewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi kumi. Ukifeli tatu za kwanza, kwenye ya nne unachagua. Ama ujilipue, ukikosa unamwachia mpinzani mpira papo hapo. Ama uupige teke uende mbali, umpe mpinzani kwa usalama wako.

Kaka yangu hajawahi kupiga teke. Hajawahi! Hata awe na uwanja mzima mbele yake, anajilipua, anafeli, anacheka, halafu anaitukana timu yangu. Kaka ni kinyozi, na hata kichwa cha mteja anakiingia hivyo hivyo, moja kwa moja.

Mpiga teke ni mume wangu.

Yule hata abakize nusu yadi, anapiga teke. Mpira akiupata anakimbilia kushoto, akizuiwa anakimbilia kushoto, na mara ya tatu anakwenda wapi? Kushoto. Halafu anaomba muda, yaani mchezo usimame kidogo, wakati ndio kwanza umeanza, bila sababu yoyote, mpaka anamaliza mapumziko yake yote. Mimi na kaka tulimpa jina, Bwana Teke. Tulikuwa tunacheka sebuleni mpaka tunakosa pumzi.

Na siku moja tulicheka, kaka akaaga akaondoka, mlango ukafungwa.

Mume wangu alinipiga usoni na pedi ya gemu mpaka ikapasuka. Nasema pedi ya kuchezea, msije mkanielewa vibaya. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Sitawachosha na nyingine. Yeye ni fundi bomba, mikono yake ina nguvu za ajabu. Alinivunja mfupa wa bega kwa kunibana na mlango. Alining'oa jino. Mara ya mwisho alinizamisha kichwa kwenye ndoo ya maji ya kufulia, akawa ananitoa, ananiuliza kama bado nacheka, ananirudisha.

Kesho yake nilitoroka na nguo niliyovaa. Kaka ndiye aliyenitafutia chumba, nikaishi na dada mmoja nesi. Akaniletea mashine nyingine ya gemu ili nisikae naongea na ukuta. Duniani kote ni yeye tu aliyejua ninapolala, ukiacha nesi wangu.

Mama yetu hakujua. Mume wangu alikuwa anazunguka ananitafuta, na kila aliyekutana naye alimwambia ipo siku atanipata.

Haya. Turudi Jumamosi.

Mpira ulikuwa kwa kaka. Tunatukanana vizuri tu kwenye hedfoni, mara nikasikia kishindo.

Halafu pumzi, kama mtu aliyepaliwa.

Halafu kimya.

Sikushtuka. Hedfoni zake ni za bei ya chini, kila siku zinakatika. Nikamwambia anunue nyingine, aache ubahili. Kimya. Wachezaji wake wamesimama tu, saa ya gemu inakwenda.

Kisha mchezo ukaendelea.

Akakimbilia kushoto. Nikamzuia.

Akakimbilia kushoto. Nikamzuia tena.

Akaenda kushoto.

Nafasi ya nne, imebaki nusu yadi. Nikajipanga kumpokea, maana nilijua anajilipua.

Mpira ukapigwa teke.

Nilicheka kwanza, sitawadanganya. Nilidhani ananitania. Nikacheza zamu yangu, nikafunga, nikashangilia peke yangu kwenye godoro. Mpira ukarudi kwake. Kushoto. Halafu, mchezo ukiwa bado mbichi kabisa, akaomba muda.

Nikaisogelea skrini.

Jamani, mtu uliyelala naye kitanda kimoja unamjua hata kwa kikohozi. Yule hakuwa kaka yangu. Yule alikuwa mume wangu, yupo sebuleni kwa kaka, kashika pedi ya kaka, anacheza na mimi ili nisijue kuna jambo.

Na kama pedi ya kaka iko mkononi mwake, kaka yuko wapi?

Nilitaka kukimbia, nikakumbuka kwamba nikiacha kucheza ataona wachezaji wangu wamesimama. Atajua nimejua. Na kama kaka alikuwa bado anapumua, hapo ndipo angemmalizia.

Nesi alikuwa amelala, katoka zamu. Nikamtikisa, nikamwekea pedi mkononi.

"Bonyeza chochote. Usiache kubonyeza."

"Nini hiki?"

"Ni roho ya kaka yangu."

Mungu ambariki yule mwanamke, hakuuliza la pili. Alianza kubonyeza huku jicho moja bado limefumba.

Nilidandia pikipiki ya kwanza niliyoiona. Njiani nikawapigia polisi simu. Nikasema mume wangu kamvamia kaka yangu nyumbani kwake. Afande akaniuliza nimejuaje.

"Amepiga teke."

"Amempiga nani teke?"

"Mpira."

Simu ikakatwa. Nikapiga tena, safari hii nikalia tu na kutaja mtaa na rangi ya geti. Wakasema wanakuja. Mnajua wenyewe wanavyokuja.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba ya kaka, kuna fundi wa kuchomelea mageti. Nilimpigia kelele, lakini alikuwa na kinyago usoni na mashine inakata chuma, hanisikii. Sikusubiri. Nikazungukia uani, nikachungulia dirisha la sebule.

Ndugu zangu, kile nilichokiona sitakisahau.

Mume wangu hakuwa na pedi.

Alikuwa amesimama, kanipa mgongo, ana ile spana yake kubwa ya mabomba mkononi. Kaka amekaa sakafuni, ameegemea kochi, damu zimemtoka kisogoni zimelowanisha shati lote. Na pedi iko mapajani mwa kaka. Kaka ndiye aliyekuwa anacheza!

Yuko hai.

Halafu nikaona mkono wake wa kulia. Vidole vilikuwa vimeelekea kusikotakiwa kuelekea. Kimebaki kidole gumba tu, na ndicho kilichokuwa kinabonyeza.

"Yuko wapi?" mume wangu aliuliza, taratibu kabisa, kama anauliza chumvi.

Kaka akabonyeza. Kwenye televisheni mchezaji wake akakimbilia kushoto.

Mume wangu akainama, akaushika mkono wa kushoto.

Sikumbuki nilivyoingia. Nakumbuka mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na mtungi mdogo wa gesi ulikuwa karibu na mguu wangu, na ulikuwa mtupu, mwepesi kuliko hasira niliyokuwa nayo. Niliunyanyua kwa mikono miwili. Alisikia hatua, akageuka, na mtungi ukamkuta kwenye taya.

Taya lilitoa sauti. Hakuanguka.

Alitema damu na jino, akatabasamu. Kweli kabisa, alitabasamu, kwa sababu alichokuwa anakitafuta kimejileta chenyewe.

Spana ilinipata kwenye mbavu. Nikaenda chini nimebeba meza ya kioo, vioo vikanichana mgongo wote. Akanikalia. Akanishika koo kwa mikono yote miwili, vidole gumba vimezama, na macho yake yalikuwa hayana hata haraka. Nikaanza kuona giza kwenye kingo za macho. Nakumbuka niliwaza kwamba nesi bado anabonyeza.

Kaka hakuweza kusimama. Alijiburuta kwa viwiko, na kwa kuwa hakuwa na mkono wa kushika kitu, alimng'ata. Alimng'ata nyuma ya kifundo cha mguu, palipo na mshipa, akaganda pale. Mume wangu alipiga ukelele ambao hata mimi sikuwahi kuutoa kwake. Akamgeukia, akawa anampiga ngumi za kichwa, na kaka hakuachia.

Mkono wangu ukapata kipande cha kioo. Nilimchoma pajani. Nikachomoa, nikachoma tena. Najua wapo watakaoniambia kwenye maoni kwamba ningeweza kukimbia. Kimbieni ninyi.

Ukelele ule ndio uliomfikia fundi wa mageti hata juu ya kelele za mashine yake. Aliingia na kinyago chake usoni, nondo mkononi, akaangalia nani yuko juu ya nani, akapiga bega moja. Mkono ukalegea. Akapiga goti. Mume wangu akalala, hakunyanyuka tena.

Polisi walifika akiwa ameshafungwa kwa waya wa kuchomelea. Kwenye televisheni, timu yangu ilikuwa inaongoza. Nesi alikuwa amefunga mara mbili na hajui amefungaje.

Kaka nilimkuta na fahamu zake kesho yake hospitali. Kichwa kimeshonwa, mkono wa kulia una vyuma. Kinyozi mwenye mkono wenye vyuma, fikirieni. Nililia pale kitandani mpaka akanifokea.

Akanieleza yote. Mume wangu alimpiga kisogoni na spana akiwa na hedfoni, hakumsikia akiingia. Alipozinduka hedfoni zimeng'olewa, na mume wangu anatazama jina langu kwenye skrini. Akamwambia aendelee kucheza, maana gemu likizimika mimi nitashtuka na kuhama. Acheze, na huku amtajie ninapoishi. Vidole gumba atamwachia kwa sababu vinahitajika kwenye pedi. Vingine ataanza navyo.

Na akaanza navyo. Kila mpira ulipokuwa kwangu, alivunja kimoja.

Nilipokuwa nashangilia goli langu kwenye godoro, kidole cha kaka... Hapo siwezi kuendelea. Nisameheni.

"Kwa hiyo uliogopa, ndiyo maana ukapiga teke?" nilimuuliza.

Kaka alinitazama kama nimemtukana.

"Nilikuwa nakuambia aliyeingia ndani ni nani. Sikuwa na mdomo, nikacheza kama yeye. Kushoto, kushoto, teke. Nikaomba na muda, ili usije ukasema nimebahatisha."

"Nikaelewa, kaka. Si nilikuja?"

"Nilikuambia ukimbie, mdogo wangu. Nani alikuambia uje?"

Tulicheka, na kucheka kulituuma sote wawili, yeye kichwa, mimi mbavu.

Lakini kuna jambo lilinikaa. Mume wangu alikuwa amesimama pale muda wote, macho kwenye skrini. Aliona kushoto zote. Aliona teke. Nikamuuliza kaka, hivi hakushtuka? Hakujua kwamba anaigizwa yeye mwenyewe, mbele ya macho yake?

Kaka aliutazama mkono wake wenye vyuma.

"Alinicheka," akasema. "Aliniambia, shemeji siku hizi umekuwa mbovu. Ni mwanaume gani mwoga anacheza hivyo?"

Sasa nasema na wewe dada unayesoma hii umejifungia chooni, unafuta machozi ili utoke ukapike. Najua unachokisubiri, maana mimi nilikisubiri miaka. Unasubiri siku moja ajione anavyokufanyia, ashtuke, alie, aache.

Wangu aliwekewa skrini nzima, inchi nyingi, rangi zote. Akajitazama, na akamcheka yule mtu.

Ondoka.