Kilichokuwa Kikisikiliza Nyuma ya Kitanda

Zilianza soksi. Suyin alikuwa anakula tambi zake za mchana huku akipekua mtandao, mara likajitokeza tangazo la soksi ndogo za manjano, za kichanga. Tambi zikamkwama kooni.

Mimba yake ilikuwa changa. Kwao Tainan, kusini mwa Taiwan, mimba haitajwi kabla ya miezi mitatu, maana roho inayomlinda mtoto tumboni ni nyepesi kuudhika, na ikiudhika huondoka naye. Suyin alishapoteza mmoja mwaka uliopita. Safari hii alimwambia mumewe peke yake, tena bafuni, bomba likimwaga maji. Hata mama mkwe, Hsiumei, waliyeishi naye, hakuambiwa.

"Si nilikwambia!" mumewe, Kuanting, alinong'ona kwa hasira alipoonyeshwa tangazo lile. "Wale jamaa wa mtandao wanatusikiliza. Wewe ukaniita mwehu."

"Labda niligusa kitu kwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya wapi! Wanauza hata minong'ono yetu."

Kuanting alikuwa fundi wa viyoyozi, na tangu ajiunge na kundi la watu wanaojua siri zote za dunia, hakuna aliyemuweza kwa maneno. Mara wenye mtandao wamekula njama na mahospitali, mara wameweka masikio ndani ya balbu. Siku hiyo Suyin hakumcheka. Walizima simu zao wakazifukia kwenye pipa la mchele.

Walipozifukua kesho yake, mchele ulinuka maziwa yaliyochacha. Tangazo la kwanza lilikuwa la kitanda cha mtoto, cha mianzi, chenye chandarua cha buluu.

"Hiki sikukitamka popote," Suyin alisema. "Nilikiwaza tu."

"Basi wameshafika mpaka huko," alijibu mumewe, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kufurahia kuwa sahihi.

Alasiri mvua ya kimbunga iliitia nyumba giza. Suyin alikuwa amejilaza aliposikia, nyuma ya ubao wa kitanda, kitu kikimeza mate. Akamwita mumewe kwa sauti ya chini.

"Kinasa sauti hicho," Kuanting alisema. "Wamekipachika ukutani." Akashika ubao.

"Usisogeze kitanda! Mwiko unaujua: kitanda cha mja mzito kikisogezwa, roho ya mtoto huudhika."

"Mambo ya wazee hayo, mke wangu. Wanaotuwinda wako mtandaoni."

Akavuta, na miguu ya kitanda ikalia sakafuni, na ile harufu ya maziwa ikapanda mpaka Suyin akaziba pua kwa shuka, na ukutani, pale kichwa chake kilipokuwa kikilala kila siku, wakaona doa la unyevu lenye umbo la sikio la mtu mzima, na Kuanting alipoligusa akijiambia ni mvua tu, akakuta lina joto, na chini ya kidole chake likajikunja.

Mama Hsiumei aliingia mbio kwa mlio ule. Alimwona mkwewe ameshika tumbo, akaelewa yote.

"Mjinga wee!" alimfokea mwanawe. "Unasogeza kitanda cha mja mzito?"

Akatoka na mvua kwenda kumwita Shangazi Lan, mganga wa hekalu la mtaani. Mganga alinusa chumba, akazitazama simu, akasonya.

"Hizi mnazionea. Mtandao una dhambi zake, mimi siutetei. Lakini huyu anayewasikiliza hahitaji simu. Mlikuwa mkihangaika na wa mbali, na wa karibu mkampisha."

Alichoma karatasi za njano za hirizi, akakoroga majivu kwenye maji, Suyin akanywa. Doa likakauka mbele ya macho yao.

"Ameondoka, Shangazi?" Suyin aliuliza.

"Ukutani ameondoka," alijibu, wala hakumtazama usoni.

Wiki iliyofuata walikwenda kliniki. Daktari alibonyeza kifaa tumboni, chumba kikajaa mdundo wa moyo mdogo, wa haraka, wenye nguvu. Suyin alilia kwa furaha.

"Mzima!" Kuanting alisema. "Mwanangu ni mzima!"

Mdundo ukakoma.

Daktari akasogeza kifaa, akakunja uso. Wote wakanyamaza, na katika kimya kile moyo ukaanza tena.

"Daktari, ni nini?" Suyin aliuliza.

Ukakoma tena, kama mtu anayezuia pumzi ili asikie vizuri. Daktari alikodolea macho mashine yake. Kuanting akafungua mdomo kusema neno, na Suyin, machozi yakimtiririka, akauziba kwa viganja vyote viwili, akaubana kwa nguvu zake zote, mpaka moyo wa mtoto ulipodunda tena.