Niliuza Shamba Mama Akiwa Eda, Ili Niruke Kwenye Filamu

Nina miaka thelathini na sita. Ninaishi Bagamoyo mjini, sina mke, sina kibanda, na tangu mwaka jana sina uso wa kumtazama mama yangu mzazi. Mkitaka kunicheka, chekeni... Wenzenu wa mtaani kwetu walishaanza zamani, na wengine bado wananiita kwa jina la yule shujaa niliyemwigiza!

Kazi yangu ilikuwa kuingizia watu filamu kwenye simu na flashi. Nilikuwa na kibanda karibu na soko. Wateja wengi walitaka kitu kimoja: filamu za nje za mashujaa wanaoruka, wanaonyanyua magari, wanaookoa dunia. Nami nilizitazama zote, tena kwa kurudia. Nikawa najiuliza, kwani shujaa lazima aruke juu ya maghorofa ya Wazungu? Magofu ya Kaole hapa kwetu yana ubaya gani?

Ndipo akaja Idrisa. Huyu nilisoma naye shule ya msingi, akaenda Dar, akarudi na kamera na kofia, akijiita dairekta. Hadithi alikuwa nayo tayari: mkulima wa mananasi anayepata nguvu za ajabu. Alisema kifua changu na sura yangu ndivyo alivyokuwa akivitafuta miaka yote. Jamani, kusifiwa kunalevya! Kilichobaki ni mtu wa kutoa pesa, na mtu huyo naye nikawa mimi.

Baba alikuwa amefariki wiki tatu tu kabla. Alituachia nyumba ya mjini na shamba la mananasi kule Kiwangwa. Kwa wasia wake tulimzika hukohuko shambani, kando ya mkorosho alioupanda mwaka niliozaliwa. Mimi ni mtoto wao wa pekee, nikawekwa kuwa msimamizi wa mirathi. Mama alikuwa ndani, amekaa eda.

Wengi mnaijua eda. Mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Mama yangu, mwanamke aliyezoea kupalilia shamba lile kwa mikono yake, asingefika Kiwangwa hata kama moyo ungemtuma. Hapo ndipo shetani aliponinong'oneza... Niuze kipande tu, filamu itoke, pesa irudi, nikinunue tena kabla mama hajavuka kizingiti. Nani angejua?

Nilimpelekea karatasi ndani, nikamwambia ni mambo ya mirathi. Alitia saini pale nilipomwonyesha kwa kidole. Hakusoma, kwa sababu aliyezileta ni mimi.

Kipande cha kwanza kililipa waigizaji, chakula na nguo yangu ya shujaa. Fundi wa hapahapa mjini alishaishona vizuri tu, lakini Idrisa akasema inafanana na sare ya halaiki. Ikaagizwa nyingine ya mpira kutoka nje, yenye joho jekundu, na kwa joto letu la pwani nilizimia ndani yake mara mbili! Picha za kuruka tulizipiga nikiwa nimening'inizwa kwa kamba. Tulipozitazama, kamba ilionekana. Idrisa akasema watu wa siku hizi macho yao yamezoea mambo makubwa, wakiiona kamba watatuzomea, kwa hiyo lazima wataalamu wa kompyuta wa Dar waifute na kuniweka mawinguni. Wataalamu wale walitoza kwa kila dakika ya kuruka, na shujaa wetu alikuwa anaruka sana. Nikauza kipande cha pili.

Siku zote hizo, kila Ijumaa, mama aliniomba jambo moja. Nimletee nanasi la shambani kwetu.

Nilinunua sokoni. Nikiingia nalo nilisema nimetoka Kiwangwa sasa hivi. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akaniuliza habari za kaburi la baba. Nikamjibu kwamba nimelifyeka na kulimwagia maji. Uongo mtupu! Wiki hizo nilikuwa Dar, nimekaa mbele ya kompyuta, najitazama ninavyopaa.

Filamu ikaisha. Nikashusha pumzi... kumbe! Idrisa akaniambia, "Shehe wangu, kutengeneza ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuitangaza. Hata hao wa nje wenye mapesa yao, wanachotumia kutangaza kinakaribia walichotumia kutengeneza, na bado wanaongeza. Wewe unataka uuze kwa kunong'ona?"

Akataja mabango, redio, gari la spika, ukumbi wa Dar, na watu maarufu wa kulipwa ili wapigwe picha wakikanyaga zulia jekundu. Tena akataka haraka, maana filamu moja kubwa ya mashujaa kutoka nje ilikuwa inakuja mwezi uleule, na mabango yake yalishajaa barabarani. Tukinyamaza, alisema, tutamezwa. Zilikuwa zimebaki siku arobaini eda iishe.

Mnunuzi, tajiri mmoja wa Dar, safari hii hakutaka kipande. Alitaka lote lililobaki, pamoja na penye mkorosho. Nikamwambia pale pana kaburi la baba. Akajibu kaburi halina neno, mtakuwa mnakuja tu. Sikudai iandikwe kwenye mkataba. Nilikuwa na haraka ya mabango!

Siku ya uzinduzi viti vilikuwa vingi kuliko watu. Wale maarufu walipiga picha, wakala, wakaondoka kabla taa hazijazimwa. Ilipofika pale ninaporuka, mtu mmoja akacheka, na ukumbi mzima ukamfuata. Wiki ya pili nikaikuta filamu yangu kwenye vibanda vya wenzangu, inaingizwa kwenye simu za watu kwa bei ya andazi. Nikataka kugomba. Nigombe na nani? Si ndiyo kazi iliyonilisha miaka yote? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Idrisa akabadili namba ya simu, nami kibanda nikakiuza kulipa deni la ukumbi.

Eda ikaisha Alhamisi. Ijumaa asubuhi mama akaoga, akavaa dera jipya, akatoka chumbani na chupa ya maji na mrehani alioufunga kwenye kanga.

"Twende, mwanangu," akasema. "Nikamsalimie baba yako."

Nikamwambia njia ni mbovu. Nikamwambia apumzike kwanza. Akavaa viatu.

Tulikuta uzio wa mabati na geti. Mlinzi, mtu mzima mwenye adabu zake, alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba. Akatueleza kwamba bosi wake amekataza mtu yeyote kuingia. Mama hakubishana. Alikuwa anatazama juu ya mabati, akitafuta kitu... Akauliza mkorosho uko wapi. Mlinzi akasema trekta lilipita wiki iliyopita, shamba zima linalimwa upya. Mama akauliza, na kaburi? Mlinzi akainamisha kichwa, akasema hawakuambiwa kama kuna kaburi.

Mama akachuchumaa pale nje. Akasoma Yasini mpaka mwisho, akamimina maji chini ya mabati, akaweka mrehani juu ya tope. Kisha akasema bila kunigeukia:

"Nilijua umeuza. Tangu Ijumaa ya pili nilijua. Nanasi lile lilipigwa dawa ya kuivisha, nje manjano, ndani maji. Baba yako hakuwahi kuyatia dawa mananasi yake. Nikasema ameteleza, atakuja kuniambia. Kila Ijumaa nilikuomba nanasi ili upate pa kuanzia... Lakini Shabani, sikudhani utamuuza na baba yako."

Nililia mpaka mlinzi akaniletea maji. Mama hakulia.

Nimemfuata yule tajiri mara tano, nikimwomba niingie hata na jembe nitafute mahali palipokuwa na kaburi. Anajibu kwamba kwenye mkataba halimo, na ni kweli halimo. Siku hizi ninapalilia mananasi ya watu kwa kibarua, kilomita mbili kutoka geti lile. Joho ninalo bado, hakuna anayelitaka hata bure.

Mama hakunifukuza. Kila asubuhi namwamkia, anaitikia. Ijumaa anasomea Yasini chumbani, maana hana kaburi la kwenda.

Ndugu zangu wasomaji, sisemi msitengeneze filamu. Tengenezeni! Lakini mkono usipite urefu wa mfuko wako, na ukiambiwa "ongeza kidogo tu" mara ya pili, simama hapohapo. Usishindane na wenye mabango ya mji mzima kwa shamba la mjane aliyefungiwa ndani, asiyeweza kutoka kuona unachofanya. Na kama kuna jambo unamficha mama yako, nenda kamwambie leo, wakati bado anakuuliza. Wangu hajaniomba nanasi tena.